BALTIMORE: MJI AMBAKO JASHO LINAPANDISHA BEI YA SHATI

Aliyewahi kuuza mitumba pale Karume atanielewa haraka. Ukifungua belo, ukatoa shati lina doa la jasho kwenye kola, hilo halina bei. Unalitupa kwenye fungu la chini, wenye shida watainama wachague. Sasa sikieni maajabu. Kuna mji nimefika huko Marekani ambako doa lile lile ndilo linalotafutwa. Shati jipya la kawaida la mashabiki kutoka dukani hata dola mia mbili halifiki. Shati la namna ile ile lililolowa jasho la mchezaji maarufu ni maelfu ya dola!

Mji wenyewe ni Baltimore, jimbo la Maryland, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Washington. Nilikwenda kumtembelea kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala. Nilikuwa na wiki tatu mkononi na Kiingereza changu cha Form Four. Nilidhani atanipeleka bandarini nikapunge upepo. Wapi! Jumamosi ya kwanza tu aliniamsha alfajiri akaniambia, "Mdogo wangu, oga haraka. Leo nakupeleka ukaone utajiri."

Utajiri wenyewe ilikuwa jezi ya besiboli. Kuna bwana mmoja anapanga meza yake kwenye mnada wa mwisho wa wiki, ana jezi namba 8 anayodai ilivaliwa na Cal Ripken mwaka 1995. Bei dola 1,500. Kaka alikuwa nazo kwenye bahasha, mfuko wa ndani wa koti. Hesabu yake: ananunua 1,500, anauza 5,000.

Nikamuuliza, "Kaka, hizo hela si ndizo za bati za mama mkubwa?"

Akacheka. "Ndizo. Zikizaa, mama anapata bati na dari."

Wasomaji, nyumba ya mama mkubwa kule Mbagala imeishia kwenye lenta mwaka wa tatu sasa. Mvua ikinyesha, matofali yanaota majani. Mimi nikanyamaza, maana mgeni hana neno.

Kwa kuwa mwenye jezi alikuwa hafungui mpaka saa nane mchana, tukapitia kwanza uwanja wa timu ya mji, Baltimore Orioles. Uwanja unaitwa Camden Yards, ulifunguliwa mwaka 1992. Upande mmoja kuna ghala la zamani la reli, la matofali mekundu, refu mpaka macho yanachoka. Nje imesimama sanamu ya Babe Ruth, yule gwiji wa besiboli aliyezaliwa mitaa ya karibu na hapo mwaka 1895. Kaka akanionyesha kituko. Ruth alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, lakini glovu aliyopewa kwenye sanamu ni ya mtu anayerusha kwa mkono wa kulia! Sanamu nzima ya shaba, kosa limekaa kwenye glovu. Nikaliweka hilo akilini.

Ndani tulitembezwa na mzee mmoja mcheshi, anayeongea polepole kama anayejua kuna mtu wa Form Four kwenye kundi. Akatuonyesha lile ghala na kutueleza habari za Ripken. Tarehe 6 Septemba 1995 alicheza mechi yake ya 2,131 mfululizo, bila kukosa hata moja, akavunja rekodi ya Lou Gehrig ya mechi 2,130 iliyosimama tangu 1939. Namba zile zilining'inizwa kwenye ukuta wa ghala, watu wakasimama wakapiga makofi dakika 22. Jamani! Wengine tukishikwa na mafua tu tunaomba ruhusa.

Hapo nikamuuliza yule mzee, mtu anajuaje jezi iliyochezewa kweli? Akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.

Akasema jezi ziko za aina tatu. Kuna ya dukani, ya mashabiki. Kuna iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezaji lakini hakuivaa. Na kuna iliyoingia uwanjani. Ya kawaida ya mashabiki saizi yake ni herufi, M, L, XL, na mara nyingi maandishi yamegandishwa kwa moto. Ya mchezaji saizi yake ni namba, kama 44 au 46, na maandishi ni vitambaa vilivyoshonwa kwa zigizaga. Jezi nyingi za miaka ile zina pia kilebo kidogo cha mwaka kilichoshonwa ndani. Lakini akaonya kwamba vyote hivyo vinaweza kuigwa, na zipo za dukani za bei kubwa zilizoshonwa vizuri hivyo hivyo.

Tangu 2001 ligi yao kuu ina watu wake kwenye kila mechi, askari wastaafu au walio kazini, wanaobandika stika maalumu yenye namba kwenye vitu vilivyotumika. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuhakiki mwenyewe. Jezi za kabla ya hapo hutazamwa kwa picha. Wanatafuta picha za mechi yenyewe na kulinganisha herufi imekaa wapi karibu na kifungo, mstari umekutana vipi na mshono. Jezi aliyovaa Babe Ruth kwenye fainali za 1932 ililinganishwa na picha hivyo hivyo, na Agosti 2024 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 24.12. Shati moja!

Halafu mzee akatupa neno la mwisho, kama la kupita tu: enzi za Ripken, jezi za Orioles za ugenini ziliandikwa Orioles kifuani. Jina la Baltimore lilikuwa limetolewa baada ya msimu wa 1972 na halikurudi mpaka 2009. Ripken alistaafu 2001.

Kaka alikuwa anatazama ghala. Sijui alisikia au hakusikia.

Saa nane tukawa mezani kwa yule bwana. Jezi imewekwa kwenye fremu ya kioo, pembeni kuna cheti kina muhuri wa dhahabu. Nikaomba niishike. Akasita, kisha akaitoa. Mikono yangu ikafanya ilichofundishwa na mama Karume: nikaigeuza ndani nje. Kifua kina vumbi la kahawia, lakini kola safi, kwapa safi. Lebo inang'aa, maandishi yake yote yanasomeka, saizi XL. Nguo iliyofuliwa msimu mzima, lebo ndiyo hutangulia kuchoka. Hii ilipakwa vumbi, haikuvaliwa. Nikaigeuza tena kuitazama kifuani. Imeandikwa Baltimore.

Faida ya Kiswahili ndiyo hiyo. Nikasema mbele ya mwenyewe bila kupepesa macho, "Kaka, usitoe hela. Hii feki."

Akanikazia macho. "Umekuja juzi, leo unanifundisha mji wangu?"

"Soma kifuani, kaka. Mzee amesema nini?"

Akasoma. Akasoma tena. Baadaye aliniambia ni neno lile lile lililomfanya aipende, jina la mji uliompokea akiwa hana kitu. Mkono ulikuwa tayari ndani ya koti. Ukatoka mtupu. Yule bwana akashusha bei mpaka 900, kisha 600, tukiwa tunaondoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndani ya basi kaka hakunisemesha. Usiku akaenda kazini bila kuaga. Nikajuta, nikajiambia labda ningenyamaza. Asubuhi akarudi na mfuko wa duka la mitumba la kule kule kwao. Ndani kuna jezi ya Orioles, XL, maandishi ya kugandishwa, dola nane.

"Hii nayo?" akaniuliza.

"Ya dukani, kaka. Haijamdanganya mtu."

Akaivaa pale pale, akacheka mpaka akakaa chini.

Nimesharudi Dar. Juzi nilipita Mbagala, nikakuta mafundi wako juu ya kenchi wanagonga misumari. Mama mkubwa ameketi chini ya mwembe anahesabu bati moja moja, kidole hewani. Nikamsalimia, akaniambia ningoje kwanza, nisimpoteze hesabu.