Programu Iliyokata Tamaa Mapema

Leo nina kisa kilichoniaibisha.

Nilimtengenezea mzee mmoja wa duka la jumla programu ya mauzo. Seva yake ni ya Linux, kwa hivyo kazi ya kuiwasha programu niliiachia systemd, ambayo ndiyo husimamia huduma zote tangu mashine inapowaka. Kwenye faili ya huduma niliandika Restart=always, nikalala usingizi mnono.

Usiku mmoja stima ikapotea. Iliporudi, seva iliwaka upesi, lakini mashine ya pili, yenye hifadhidata, ilichelewa dakika mbili. Asubuhi simu ikalia: "Kijana, wateja wamejaa na mashine yako imekataa." Waliandika risiti kwa mkono hadi saa nne.

Kumbe hiyo "always" ina mipaka! Usipoielekeza, systemd hungoja milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena. Huduma ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na bado inaanguka, huachana nayo. Yangu ilimaliza nafasi zake zote hifadhidata ikiwa bado usingizini.

Dawa ni mstari mmoja chini ya [Service]:

RestartSec=5

Kwa mwendo huo haiwezi kufikisha mara 5 ndani ya sekunde 10, basi itajaribu mpaka ifaulu. Ukimaliza, andika systemctl daemon-reload, kisha uiwashe huduma upya.

Siku hizi, kabla sijakabidhi kazi, nachomoa waya wa stima mwenyewe nione kitakachotokea. Wewe je, umewahi kujaribu?