Kusini mwa Ziwa Kuna Hadithi

Ukitoka hapa Kawempe ukaelekea kusini, utalipita jiji la Kampala, utalivuka Ziwa Viktoria, na ng'ambo utaikuta Tanzania. Huko ndiko ninakotaka usafiri kwa kusoma.

Ninakijua kinachokuzuia. Katika nyumba nyingi za Kampala, wazee walizoea kukisikia Kiswahili vinywani mwa askari, enzi za Idi Amin (1971–1979). Hadi leo wapo wanaoiita lugha ya wanajeshi na majambazi. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini agizo haliondoi hofu. Nimefundisha ngeli miaka mingi, na sijaona ngeli iliyomtoa mtu hofu. Hadithi nimeiona.

Anza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza; Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha mwaka 2022. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemdhania kuwa jamaa yake. Kumbe baba yake amemtoa kwa sababu ya deni. Kiswahili kina neno la hali hiyo: rehani. Liandike daftarini. Ukimaliza kitabu, hutahitaji kamusi kulieleza.

Kisha rudi nyuma usome Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili tunalokunywa maji yake. Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Uisomapo, jiulize nani aliiogopa, na kwa nini.

Usisimame kila neno gumu linapotokea. Soma ukurasa mzima kwa sauti, kisha chagua maneno matano tu ya kutafuta. Kitabu kikiwa ghali, changeni watano mkisome kwa zamu. Na jioni moja, msimulie mzee wa nyumbani kisa cha Yusuf kwa Kiswahili, polepole. Huenda ikawa mara yake ya kwanza kuisikia lugha hii bila kuamrishwa.