Bamburi: Msitu Ulioota Juu ya Mwamba

Sisi watu wa Kongo, hasa walio jirani na mashimo ya shaba ya Kolwezi, tunajua jinsi nchi inavyobaki baada ya kuchimbwa. Hakuna kivuli, wala ndege hatui. Kwa hiyo yafaa tuwasimulie habari za Bamburi, karibu na Mombasa, pwani ya Kenya.

Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka wa 1954. Malighafi yake ni mwamba wa matumbawe, ulioachwa na bahari ya zamani. Mitambo iliuchimba mpaka karibu na maji ya chumvi yaliyo chini, pakabaki uwanja mweupe wa kuumiza macho, pasipo udongo. Mwaka wa 1971 Bwana René Haller, Mswisi, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilipona 3 tu: mnazi, mti wa damas utokao nchi ya Wasomali, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba kazi nzito. Mizizi yake ina vinundu, na ndani yake mna vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Ukakua upesi mahali ambapo mhindi usingechipua. Lakini majani yake, membamba kama sindano, yalianguka yakalala chini bila kuoza. Na pasipo kuoza udongo hautokei. Kazi yote ingeweza kukwama hapo. Ndipo Bwana Haller alipomwona jongoo akiyala majani yale. Akaagiza majongoo yakusanywe kwa mamia, yakatiwa msituni. Yakala, na mavi yake (tusione haya kuyataja) yakawa mwanzo wa udongo mweusi. Sisi, jongoo akipita uani, twamfagia tu!

Baadaye yalichimbwa mabwawa ya samaki, wakaletwa pofu, viboko na twiga. Mwaka wa 1984 wageni wakaruhusiwa kuingia. Leo pahali hapo paitwa Haller Park.

Watoto watapenda kusikia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mwezi wa Desemba 2004, akiwa hana mama. Alipofikishwa Bamburi, alimkimbilia kobe mkubwa aitwaye Mzee, akajificha nyuma ya gamba lake. Kobe akamkwepa siku za kwanza, kisha akamzoea, wakawa wakila na kulala pamoja. Owen alipokuwa mkubwa, watunzaji walimtenga na kobe, wakamweka pamoja na kiboko jike.