Yai na Mbegu

Chamwino ni nchi ya Wagogo, katika uwanda wa juu wa Dodoma, ambako mvua huja msimu mmoja tu wa mwaka, na utajiri wa mtu huhesabiwa zizini. Mahari yenyewe tangu zamani ni ng'ombe na mbuzi. Kwa hiyo nyumba ikikaa miaka bila ya mtoto, jambo hilo si siri ya watu wawili. Huwa shauri la koo mbili. Na mara nyingi shauri hukatwa kabla ya kusikizwa: mke huitwa tasa, na mume huambiwa aoe mwingine.

Elimu ya viumbe inalo neno la kusema katika shauri hili. Yai la mwanamke lina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, nalo limezungukwa na utando mnene. Mbegu ya kiume ikiisha kuupenya utando huo haijashinda bado. Imefika mlangoni tu. Ngozi ya mbegu na ngozi ya yai hazina budi kushikana, kisha kuungana zikawa ngozi moja. Kazi ya kushikana hufanywa na protini zilizo juu ya ngozi hizo.

Mwaka 2005 wataalamu wa Japani, Naokazu Inoue, Masaru Okabe na wenzao, walitangaza protini ya mbegu waliyoiita Izumo, kwa jina la hekalu la nchi yao linalohusishwa na ndoa. Protini hiyo hufichika chini ya kofia ya kichwa cha mbegu, ikajitokeza kofia ipasukapo. Mwaka 2014, huko Uingereza, Enrica Bianchi, Gavin Wright na wenzao walitambua protini ya yai inayoipokea Izumo. Waliiita Juno, jina la mungu wa kike wa Warumi aliyesimamia ndoa. Mbegu moja ikiisha kuingia, Juno huondoka juu ya yai kabla saa haijatimia, na hilo husaidia kuizuia mbegu ya pili.

Panya walitoa ushahidi ulio wazi. Dume aliyenyimwa Izumo alipanda majike kama kawaida. Mbegu zake ziliogelea, zikapenya utando, zikaishia kulizunguka yai bila ya kuungana nalo. Jike aliyenyimwa Juno naye hakuzaa. Kasoro ya upande mmoja ilitosha kuharibu kazi ya pande mbili.

Si kila ugumba wa watu hutokana na protini hizi. Mirija huweza kuzibwa na maradhi, na mbegu huweza kuwa chache. Lakini funzo ni moja: nguvu za mwili wa mume si hati ya uzazi wake. Katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mume ana sehemu katika sababu, peke yake au pamoja na mkewe.

Mfugaji wa Chamwino halikosi jambo hili zizini. Majike yake yote yasiposhika mimba, hayauzi yote, humshuku fahali. Haki anayowapa ng'ombe haifai kuwa kubwa kuliko haki anayompa mkewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi mume na mke na wapimwe pamoja, kabla mmoja hajahukumiwa.