Spurs Watafika Mtoano Msimu Huu, na Msinibishie Kabla Hamjasoma

Msimu wa NBA wa 2025/26 unaanza wiki ijayo na mimi nimechoka kuulizwa swali moja: "Kwani wewe, kati ya timu zote 30, uliokota Spurs wapi?" Watu wa rika langu ni Lakers, ni Warriors, ama ni yeyote aliye na LeBron. Ukivaa jezi ya San Antonio hapa Nairobi unaangaliwa kama mtu aliyenunua mtumba bila kusoma kilichoandikwa mbele. Leo najibu, halafu nawaambia nani atatupeleka wapi, mmoja baada ya mwingine.

Spurs niliwarithi kwa anko wangu, mdogo wake mathe. Juni 2014 nilikuwa na miaka 11 na mtaa mzima hapa Umoja ulikuwa Brazil, kwa Kombe la Dunia. Usiku huo Argentina walicheza na Bosnia, Messi akafunga, mechi ikaisha karibu saa tisa. Watu wakaenda kulala. Anko hakuzima tivii. Alinishika bega akasema, "Kaa hapo. Kuna Muargentina mwingine anacheza sasa."

Huyo mwingine alikuwa Manu Ginobili. Ilikuwa fainali ya NBA, mechi ya tano, Spurs na Miami Heat ya LeBron. Tukaanza vibaya, 22 kwa 6. Nikamwambia anko tumeisha. Yeye akacheka tu, akaniambia hiyo ni robo ya kwanza, watoto ndio huogopa robo ya kwanza. Baadaye Ginobili, na miaka yake 36 na kipara chake, akaingia katikati akamdanki Chris Bosh. Nilipiga nduru mpaka mathe akatoka chumbani na ndara mkononi. Mechi ikaisha 104 kwa 87, ubingwa wa tano tangu 1999. Na mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Heat hao hao walikuwa wametunyang'anya kombe baada ya Ray Allen kurusha ile ya pointi tatu zikibaki sekunde tano.

Sasa mimi, mtoto, nikadhani kushinda ndiyo kazi ya Spurs. Kumbe niliingia kwa sherehe watu wakianza kukunja viti. Duncan akastaafu 2016, Ginobili 2018. Timu ilikuwa imefika mtoano misimu 22 mfululizo, kutoka 1998 hadi 2019, halafu ikakatika. Tangu 2019 hatujarudi. Msimu wa 2022/23 tulishinda mechi 22 tukapoteza 60. Msimu uliofuata, na Wembanyama ndani, tukarudia hesabu hiyo hiyo, 22 na 60, na katikati yake tukapoteza 18 mfululizo. Hebu jaribu kuamka saa kumi alfajiri kutazama kitu kama hicho, halafu upande matatu uende darasani. Sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya msichana vile nilivyoukosa kwa sababu ya Spurs.

Lakini mwaka huu ni tofauti. Twende mmoja mmoja.

Victor Wembanyama kwanza. Mfaransa, baba yake ana asili ya Kongo, ana urefu wa mita 2.24 hivi na miaka 21. Msimu uliopita alikuwa na wastani wa pointi 24.3, ribaundi 11, na alizuia mitupo 3.8 kila mechi. Hiyo namba ya mwisho ndiyo watu hawaielewi. Si zile tu anazozuia, ni zile ambazo mtu anafika chini ya kikapu, anamwona, anageuka kama aliyesahau funguo nyumbani. Hizo hakuna anayezihesabu, na ndizo zinazotushindia mechi.

Alicheza mechi 46 pekee, lakini. Februari, mara tu baada ya mechi ya nyota, madaktari walipata damu imeganda kwenye mshipa wa bega lake la kulia. Msimu ukaishia hapo. Wengi mlisema ni jeraha tu, atapumzika atarudi. Mimi sikulala. Mnamkumbuka yule Bosh aliyedankiwa na Ginobili? Damu iligandia kwenye pafu lake 2015, ikarudi tena 2016, na hakucheza mechi nyingine ya NBA maishani mwake. Alikuwa na miaka 31. Wemby aliruhusiwa kurudi Julai na nimefurahi, ila msimamo wangu ni huu: mkitaka kunifurahisha, mpumzisheni. Najua siku hizi bila mechi 65 hupati tuzo kubwa. Tuzo zitangoja. Nataka kumtazama huyu kijana mpaka mimi mwenyewe nipate kipara.

De'Aaron Fox. Tulimpata Februari kutoka Sacramento, na mechi alizocheza pamoja na Wemby unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wemby akaumwa, Fox naye akafanyiwa upasuaji wa kidole. Kwa hiyo yeyote anayekwambia hao wawili hawaelewani anakudanganya, hakuna aliyewaona. Mwaka 2023 Fox ndiye mtu wa kwanza kabisa kupewa ile tuzo ya mchezaji bora wa dakika za mwisho. Sisi dakika za mwisho ndizo zilikuwa zinatuua. Tunaongoza kwa pointi sita, unaenda kuweka chai, unarudi tumepigwa. Fox amekuja kutibu huo ugonjwa. Wasiwasi wangu ni mtupo wake wa mbali, leo unaingia, kesho umepotea.

Stephon Castle. Chaguo la nne 2024, na akachukua tuzo ya mchezaji chipukizi mwaka mmoja baada ya Wemby kuichukua. Ana mwili wa kondakta wa Kayole, hasukumwi. Lakini mitupo ya pointi tatu, manze! Chini ya asilimia 30. Wapinzani wanamwacha peke yake kama mgeni asiyejulikana kwa harusi. Akiinua hiyo namba kidogo tu, ligi nzima itatuchukia.

Halafu Dylan Harper, chaguo la pili mwaka huu, mtoto wa Ron Harper aliyebeba mataji matano na Bulls na Lakers. Septemba alifanyiwa upasuaji wa kidole gumba, kwa hiyo tumpe muda. Hapo ndipo mnaponishambulia: Fox anataka mpira, Castle anataka mpira, Harper anataka mpira, na mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu. Sawa, methali ni kweli kwa ng'ombe. Timu iliyotuchapa mara nyingi zaidi ni ile ambayo gadi wake mmoja akichoka anaingia mwingine hajatokwa na jasho. Wacha kwanza wachoshe watu, kugombana kutakuja baadaye.

Na kuna Keldon Johnson, ambaye hakuna mtu huvaa jezi yake isipokuwa mimi. Aliingia 2019, yaani alifika mlangoni siku taa zinazimwa. Amekula kila kipigo nilichowaambia hapo juu. Alianza kikosi cha kwanza, akarudishwa benchi, hakununa, anaingia anacheza kama mtu anayedaiwa kodi. Siku tutakapofika mtoano, machozi yangu ya kwanza ni yake.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika. Kocha.

Gregg Popovich aliongoza Spurs kuanzia 1996. Ameshinda mechi 1,422 za msimu wa kawaida, hakuna kocha wa NBA aliyemfikia. Novemba mwaka jana, baada ya mechi tano tu za msimu, alipata kiharusi. Msaidizi wake, Mitch Johnson, akashika timu kwa mechi 77 zilizobaki. Nilipompelekea anko hiyo habari alisema tu, "Pop atarudi. Huyo harudi nyumbani kabla ya filimbi."

Anko wangu pia ni kocha, si wa kulipwa. Jumamosi kila wiki, kwa miaka 16, amekuwa akifunza vijana kwenye uwanja wa simiti hapa mtaani. Mimi mwenyewe nilipitia mikononi mwake, na wengine walipata shule kwa sababu ya huo mpira. Ana filimbi yenye kamba ya buluu ambayo hata mathe haruhusiwi kuifua.

Machi mwaka huu, anko akapata kiharusi. Asubuhi, akinyoa ndevu. Mkono wa kulia ukalegea na upande mmoja wa mdomo ukashuka. Alikaa wadi wiki tatu. Aliporudi, jambo la kwanza kuuliza, kwa maneno ya polepole, lilikuwa nani anashika Jumamosi. Nikasema ni mimi, "lakini nakuwekea tu, Anko."

Mei 2, Popovich akatangaza kwamba haendelei kuwa kocha. Sikumwambia anko. Kwa siku nne nilikuwa nazima simu nikiingia kwake, eti chaji imeisha. Niliona kama nikimwonyesha ni kama nimemwambia na yeye aachie. Na kusema ukweli wote, kuna sehemu yangu ndogo ilitaka aachie, na niliionea aibu hiyo sehemu.

Vijana wa uwanjani wakamwambia. Akaniita, "Kijana, lete hiyo video." Tukatazama. Popovich amesimama, Duncan upande huu, Ginobili upande ule, na fulana iliyoandikwa El Jefe. Anko aliomba irudiwe. Ilipoisha mara ya pili akasema neno moja, "Amekubali." Halafu akaomba chai.

Jumamosi hiyo alikuja uwanjani. Akakaa kwa kiti cha plastiki, filimbi shingoni. Akajaribu kuipuliza, na kwa sababu ya ule mdomo hewa ikatokea pembeni, hakuna sauti. Vijana wakasimama papo hapo kana kwamba imelia. Hakuna aliyewafunza kufanya hivyo. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Imekuwa hivyo mpaka leo. Nafundisha mimi, na kila ninachosema vijana wanatazama kwanza kiti kile, waone kama kichwa kimetikisika. Nilikuwa nakasirika, sitawadanganya. Siku hizi sikasiriki sana. Mwezi uliopita nilikuwa nimewapanga vibaya kwa ulinzi, anko akaniita, akasema polepole, "Yule mrefu asogee hatua mbili." Hatua mbili tu. Akasogea, na hatukufungwa tena pale.

Kwa hiyo mnaposema Spurs walikosea kumpa Mitch Johnson kazi, eti wangetafuta jina kubwa, mimi nawasoma nikitikisa kichwa. Mnasema alishinda 32 akapoteza 45. Kweli. Lakini alizipata bila Wemby kwa karibu miezi miwili, bila Fox kwa mwezi wa mwisho, na wachezaji wakiwa na kiti cha mzee machoni. Mtu akiweza kushikilia timu namna hiyo bila kujifanya yeye ndiye mzee, na bila kumdharau mzee, huyo mpe kazi. Jina kubwa lingekuja na kubadilisha kila kitu mpaka rangi ya milango. Na Pop hajaenda mbali, amebaki rais wa masuala ya mpira wa klabu. Atakuwepo kumwambia yule mrefu asogee hatua mbili.

Utabiri wangu sasa, muuhifadhi mnicheke Aprili. Msimu uliopita tulishinda 34, tukawa wa 13 Magharibi. Magharibi ni moto: Thunder ni mabingwa, Rockets wamemchukua Durant, Lakers wana Luka, Nuggets wana Jokic. Nasema tutashinda 45, tuwe nafasi ya saba, tupitie mechi za mchujo, tuingie mtoano. Raundi ya kwanza tutatolewa, ila hakuna atakayefurahia kukutana na sisi. Wemby akicheza mechi chini ya 55, futeni haya yote. Castle asipojifunza kutupa, ondoeni ushindi mitano.

Tunaanza na Dallas, alfajiri ya Alhamisi tarehe 23, saa kumi na nusu. Bando nimenunua. Jana anko alinipigia kutoka chumba cha pili, kwa sababu kunipigia simu ni rahisi kuliko kupaza sauti, akaniuliza tu, "Saa ngapi?" Nikamwambia. Akasema nimwamshe dakika kumi kabla, apate kuvaa.

Nikamuuliza kuvaa nini, na mechi tunaitazama kitandani.

"Filimbi," akasema.