Espreso ya mamilioni na mibuni ya bibi

Haya wapendwa, nimekuwa kimya wiki mbili, na wale mlioniuliza kama nimehamia Dar jibu ni hapana. Nipo hapa hapa Moro, mji kasoro bahari. Kilichoniweka bize ni kahawa.

Shemeji yangu amerudi kutoka Ulaya na mashine ya espreso ya nyumbani, La Marzocco Linea Micra. Kwa wasioijua, kampuni hiyo ilianzishwa Florence, Italia, mwaka 1927, na jina lake lilijengwa na mitambo mikubwa ya migahawani. Micra ilitoka 2022, ikiwa ndogo ya kukaa jikoni. Marekani ilianza kuuzwa dola 3,900 hivi, yaani zaidi ya shilingi milioni 9 kwa thamani ya wakati ule. Jamani! Hizo ni bodaboda tatu mpya na chenji inabaki.

Sasa kwa nini nimeifanyia majaribio kana kwamba nalipwa? Kwa sababu ya bibi. Bibi yangu anaishi Choma, huko juu Uluguru, na anataka kung'oa mibuni yake yote apande ndizi. Hoja yake haina utata: mkungu wa ndizi anaushusha soko kuu la Kingalu na kurudi na hela mkononi siku hiyo hiyo, ilhali kahawa inavunwa mara moja kwa mwaka na bei anapanga mnunuzi. Shemeji akasema, kabla panga halijapita, tuijue kwanza ladha halisi ya hiyo kahawa. Mimi nikapewa kazi ya kuonja.

Espreso ni maji ya moto, nyuzi 90 hadi 96 hivi, yanayosukumwa kwenye kahawa iliyosagwa laini kwa shinikizo la takriban ba 9, karibu mara tisa ya shinikizo la hewa tunayovuta. Unaweka gramu 18, unapata gramu 36 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30. Kabla ya Achille Gaggia wa Milan kuleta mashine ya springi miaka ya 1940, Waitalia walitegemea nguvu ya mvuke, na kahawa ilitoka chungu kama imeungua. Micra ina matangi mawili ya kuchemshia, moja la kahawa na jingine la mvuke wa maziwa, na pampu yake haina kelele nyingi. Ndani ya dakika chache iko tayari. Umeme ukikatika, bila shaka, ni pambo la chuma cha pua. Kwetu ulikatika mara nne katika wiki mbili, mara moja kikombe kikiwa nusu.

Kikombe cha kwanza tulitumia kahawa aliyokaanga bibi mwenyewe, kama anavyokaanga siku zote: chungu, moto wa kuni, hadi nyeusi tii. Ikichemshwa kwenye sufuria na tangawizi kahawa hiyo haina mpinzani, nabishana na yeyote. Kwenye Micra ilitoka majivu. Mashine hii haina huruma, inakuza kila kitu. Moshi unausikia, udongo wa uwanjani ilipoanikwa unausikia, na zile punje mbichi zilizochumwa kwa haraka zinakausha ulimi.

Tukapanda Choma wikiendi iliyofuata. Tulichuma nyekundu tupu, tukazianika juu ya kichanja badala ya chini, na kwa kuwa hizo zinahitaji wiki kadhaa kukauka, tukachambua punje moja moja kutoka gunia la msimu uliopita. Hizo tulikaanga kidogo tu, tukazitoa muda mfupi baada ya kuanza kulia kama bisi. Tukazipumzisha siku tano. Espreso ya kwanza ikawa kali kama ukwaju. Tukapandisha joto kutoka nyuzi 93 hadi 95, tukasaga laini zaidi, na hapo ndipo nilipokaa chini. Utamu kama wa sukari guru, halafu mwishoni kitu kama ganda la chungwa. Ile ile kahawa!

Maoni yangu kwa anayetaka kununua: mashine ni nzuri kweli kweli, na joto lake halitetereki. Lakini nusu ya kazi ilifanywa na kinu cha kusagia, na nusu nyingine ilifanywa na vidole vyetu tukichambua. Mwenye kahawa mbovu atapata kahawa mbovu ya milioni 9. (Na kule Choma maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko. Bibi amekuwa na joto la espreso kwenye sufuria yake maisha yote bila tangi lolote.)

Siku ya soko bibi akateremka na ndizi zake, akapita nyumbani. Shikamoo, marahaba, akapewa kikombe. Akakitazama, akauliza iliyobaki iko wapi. Alipoonja akanyamaza, kisha akaomba sukari.

"Hii ni ya kwangu?"

"Ya kwako, bibi."

Akauliza kilo moja inatoa vikombe vingapi kama hivi. Nikapiga hesabu, gramu 1,000 kwa 18: vikombe 55. Akauliza mgahawani kimoja wanauza shilingi ngapi. Shemeji akamtajia. Bibi akaweka kikombe chini, akahesabu kwa vidole kimya kimya, akarudia tena.

"Kwa hiyo yule anayenunua kwangu gunia, hesabu hii anaijua?"

Hakuna aliyemjibu. Kabla ya kupanda gari la kurudi alisema mibuni ya chini ya nyumba, ile iliyo karibu na kichanja, itabaki msimu huu. Ya juu kwenye kijito inang'olewa, migomba ameshaiandaa. Shemeji anatafuta mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, na Micra ameanza kuulizia mnunuzi.