Makiso: Pale Mashua Zinaishia na Kamyo Zinaanza

Ukifika Kisangani siku moja, utapitia Makiso hata kama hukupanga. Mji wetu una komine 6: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Makiso ndiyo katikati. Hapa ndipo kuna ofisi, soko kuu, bandari, maduka ya jumla na kanisa kubwa la Wakatoliki kando ya mto. Hapa pia ndipo kuna Chuo Kikuu ambacho misioni za Kiprotestanti zilianzisha mwaka 1963, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville.

Asubuhi mapema, karibu na madepo ya wafanya biashara, utaona kamyo zinapakia. Vijana wanabeba magunia ya mchele, bido za mafuta ya mawese, mbao. Kamyo zingine zimefika usiku kutoka Butembo na Beni na zinashusha maharagwe, vitunguu, sabuni, simenti na mabati. Matope yake ni mekundu mpaka kwenye vioo. Ukiona matope yale, tayari umeona barabara.

Mwezi huu ningependa tuzungumze juu ya watu wa kamyo hizo, zaidi juu ya wale wapya, waliokuwa na kazi ingine mbele. Wewe unayesoma kule Nia-Nia, Mambasa, Mongbwalu ao Durba unawaona wakipita kambini kwenu. Pengine wewe mwenyewe umechoka na shimo la dhahabu na unajiuliza: Je, nami nisishike usukani?

Kwa nini kamyo zinaanzia hapa

Sababu ni mto. Mashua kutoka Kinshasa inapanda karibu km 1,700, inafika hapa na kusimama. Juu ya mji kuna maporomoko ya Boyoma, 7 yanayofuatana mpaka upande wa Ubundu, na hakuna mashua inayoweza kuyapanda. Kwa hiyo ilijengwa reli ya km 125, kutoka ng'ambo ya kushoto mpaka Ubundu, nayo ilifunguliwa mwaka 1906. Lakini upande wa mashariki hakuna reli. Kuna barabara ya taifa namba 4 tu, tunayoiita barabara ya Ituri. Inaingia porini, inapita Bafwasende, Nia-Nia, Epulu na Mambasa, mpaka Komanda. Pale inagawanyika: njia moja kwenda Bunia, ingine kwenda Beni na mpaka wa Uganda kule Kasindi. Toka hapa mpaka Bunia ni karibu km 700.

Wazee wanakumbuka barabara hiyo ilipokufa. Wakati wa vita, na zaidi kiisha zile siku 6 za mwezi wa 6 mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, miti iliota pale magurudumu yalipita zamani. Watu walisukuma kinga, yaani baiskeli, zenye kubeba chumvi, sabuni na mafuta, majuma na majuma katika pori. Vita ilipotulia, barabara ilifunguliwa pole pole, na tangu 2008 Banki ya Dunia ilisaidia kupitia mradi wa Pro-Routes. Mwaka huo huo sheria iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, na ndiyo sababu shofere analipa peaje. Hata hivyo, sehemu kubwa ya njia ile ni udongo mpaka leo. Na udongo hauna urafiki na mvua.

Kutoka kalasi mpaka kamyo

Ndugu mmoja ninayemjua vizuri, hapa Makiso, alifundisha kalasi ya tano miaka 12. Sitataja jina lake. Mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilianza elimu ya bure katika shule za msingi. Kwa wazazi ilikuwa furaha kubwa. Lakini unajua kwamba walimu wengi hawakuwa kwenye listi ya malipo ya serikali, nao waliishi kwa pesa ya wazazi. Pesa ile ilikatwa. Yeye alingojea jina lake litoke, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Mke wake alikuwa na mashini ya kushona, na ndiyo iliyolisha nyumba.

Mwaka 2021, akiwa na miaka 38, aliingia kwenye kamyo ya mtu wa jamaa yake. Usifikiri alipewa usukani. Katika kazi hii, mtu mpya anaanza kama boyi-shofere, hata akiwa na diplome. Kazi ya boyi ni kale, lile gogo la kuzuia gurudumu. Kamyo ikipanda mlima na motere ikianza kulia, yeye anaruka chini, anakimbia nyuma, anaweka kale chini ya pine isirudi. Usiku analala juu ya mizigo, akiilinda. Asubuhi anachemsha chai. Shofere wake alikuwa kijana wa miaka 26, na alimwita "wewe mwalimu" kwa kucheka: "Wewe mwalimu, shika kale! Huku tunasoma udongo."

Msomaji, jambo hilo ndilo la kwanza kupima. Mtu mzima anayebadilisha kazi anakuwa mtoto tena, mbele ya watu ambao jana wangemwamkia kwa heshima. Wengi wanarudi nyumbani kiisha safari moja, sababu ya haya. Yule ndugu aliniambia kwamba kilichomsaidia ni kukumbuka wanafunzi wake: yule ambaye hakuogopa kuuliza ndiye alipita kalasi.

Masomo ya udongo

Basi, wanasoma nini? Wanasoma kuangalia njia kabla ya kuingia. Panapokuwa na shimo la matope, shofere mzuri anashuka, anapima kwa fimbo, anaangalia pale kamyo iliyotangulia ilipita, na pengine anangoja. Kamyo moja ikizama katikati, zote zinasimama nyuma yake, 10, 20, 40, na wenye vijiji wanaleta ndizi na maji ya kuuza. Wanachimba kwa chepeo, wanapakua gunia moja moja, wanatia miti chini, wanapakia tena.

Wanasoma pia kutii bariere ya mvua. Mvua ikinyesha, barabara inafungwa mpaka udongo ukauke, maana kamyo nzito juu ya udongo laini inaiharibu kwa wote. Kule Epulu kuna Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, na usiku kamyo hazipiti ndani yake, wanyama wapate amani. Hata amani ile imevunjwa na watu: tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 2012 wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliofugwa pale.

Ugonjwa pia unafunga njia. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, iliendelea mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Kila kizuizi, shofere alishuka kunawa mikono na kupimwa joto. Tena tangu Mei 2021 mikoa hiyo miwili iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Upande wa Komanda kwenda Beni, nyakati nyingi kamyo zinangojea zikusanyike, askari wazisindikize, na hata hivyo kuna waliouawa njiani.

Wanaofika Kasindi na kuvuka wanasoma somo lingine. Kwetu tunaendesha kwa mkono wa kuume; Uganda na Kenya wanaendesha kwa kushoto. Lugha nayo inageuka: kamyo inakuwa lori, shofere anakuwa dereva, boyi anakuwa tanboi. Mpaka Mombasa, mtu wa Kisangani anajifunza Kiswahili upya.

Sasa ona: karibu yote niliyotaja ni kungoja. Kungoja mzigo, kungoja njia ikauke, kungoja bariere, kungoja askari, kungoja pine kutoka mbali. Vijana wanafikiri kazi ya shofere ni mwendo. Mwenye kuivumilia ni yule anayejua kungoja bila kunywa pombe, bila kutafuta mwanamke wa kila kituo. Tangu miaka ya 1980 waganga walitambua namna ukimwi ulivyofuata barabara kuu ya Mombasa na Kampala, kituo kwa kituo. Ulipita pale watu walipongoja.

Nyumba inayongojea

Lakini shofere hangojei peke yake. Safari ya kwanza, ndugu yetu alimwambia mke wake: "Siku 8, mama, nitarudia." Alikaa siku 23. Katika pori, mahali pengi simu haishiki rezo. Siku ya 11 mtoto wao wa tatu alipata homa kali ya malaria, ikapanda kichwani. Hospitali ilidai pesa mbele. Mama yule aliuliza jamaa, hawakuwa nayo. Basi aliuza mashini ya kushona.

Mtoto alipona. Baba alirudi na malipo ya boyi, nayo haikutosha kununua hata nusu ya mashini. Hapo ndipo nilialikwa nyumbani kwao, jioni moja, kwa sababu mambo yalikuwa magumu. Nilidhani mama atasema: Acha kamyo. Alisema hivi: "Mimi sikatai kamyo. Ninakataa kukaa bila kujua."

Walizungumza mpaka usiku, mbele yangu na mbele ya kaka yake mkubwa, na wakakata mashauri matatu. La kwanza: baba hataondoka tena bila kuacha nyumbani pesa ya ugonjwa, katika mkono wa mama, hata kama ni ya kukopa kwa mwenye kamyo juu ya malipo yake. La pili: hatasema tena siku ya kurudi, atasema vituo. Akifika Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa, atatafuta rezo ao kutuma neno kwa shofere anayeshuka Kisangani. La tatu: malipo ya safari 2 za kwanza yatarudisha mashini kabla ya kitu kingine.

Mashini ilirudi kiisha safari 4, si 2. Leo yeye ana permi ya kamyo na anaendesha mwenyewe, Kisangani mpaka Beni. Siku za yenga nyingi kiti chake kanisani ni kitupu, na watoto wake wanamkosa. Mtoto mdogo amejifunza kuhesabu kwa vituo: "Papa iko Nia-Nia." Hilo ni jambo zuri na la uchungu pamoja.

Wewe unayefikiri kubadilisha kazi

Kijana, ao baba mwenye jamaa, usiache shimo ao shule kwa sababu umeona kamyo inapita na shofere amevaa miwani. Omba kwanza safari moja kama boyi. Uliza kwa maneno wazi nani analipa pine ikipasuka, nani anakulisha kamyo ikizama siku 10, na mizigo ina kilo ngapi. Ukiombwa kupakia watu juu ya magunia, kumbuka kwamba kamyo ikianguka, wewe ndiwe uliwapandisha.

Kisha, kabla ya kufunga mfuko, kaa chini na mke wako, ao na mama yako kama hujaoa. Andikeni kwenye kalata: pesa ya ugonjwa iko wapi, jirani gani atasaidia, vituo ni vipi, na kila kituo unajua nani wa kumwachia neno. Mpe mama kalata ile aitunze. Wewe ubaki na nakili yake mfukoni, pamoja na permi.